Mama na Ndege ya Mizigo

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu waliosema wengi bado wako hai, na ningependa wasomewe.

Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwetu Temeke. Baraza lake ndilo lililokuwa mahali petu pa kujua habari zote, za kweli na za kubuni.

"Wewe utarusha tiara," aliniambia, pini zikiwa midomoni. "Ndege gani? Hata baiskeli ya mwenye duka uliitia mtaroni."

Watu wakacheka. Mwenye duka mwenyewe, Mwarabu ambaye ukoo wake ulikuwa ukiuza nazi na mafuta ya taa pale kabla mie sijazaliwa, hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na hiyo iliniuma zaidi.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mzungu hatakupa usukani wa ndege. Atakupa ufagio uifagie."

Hayo yalikuwa baada ya vita vikubwa. Nilikuwa nimerudi kutoka Misri, ambako nilisaidia mafundi wa ndege za jeshi, nikajifunza injini kwa macho na kwa mikono mpaka wao wenyewe wakawa wananiita wakikwama. Ofisa mmoja aliniombea nafasi katika chuo cha urubani Uingereza. Nafasi niliipata. Pasipoti niliipata. Kitu ambacho sikuwa nacho ni nguo ya kuvaa katika nchi ya baridi.

Sasa watu wa Temeke wako hivi: wakimaliza kukucheka wanakusaidia. Fundi alinishonea koti zito kwa kitambaa cha jeshi, akanivalisha yeye mwenyewe huku akiendelea kunitukana. Mwenye duka aliniazima sanduku la ngozi la marehemu baba yake. Nikawauliza nitawalipaje.

"Ukipata hiyo ndege yako," alisema fundi, "pita nayo hapa juu tukuone. Hiyo ndiyo bei ya koti."

"Na mie hivyo hivyo," alisema mwenye duka. "Pita juu ya duka. Nikuone mwenyewe, nisisimuliwe."

Mama yangu, aliyeuza vitumbua ili nisome mpaka darasa la mwisho la misheni, alinipa blanketi lake la harusi. Lilikuwa jekundu lenye mistari myeusi, na ndicho kitu pekee kilichobaki katika vile alivyotoka navyo kwao Songea alipomfuata baba, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba. Nikamwambia nitamlipa blanketi jipya la sufu.

"Sitaki blanketi," alisema. "Mie nataka kupanda. Unipeleke Songea kwa dada yangu, nikiwa nimekaa kitini kama bibi, na wewe unaendesha."

Nikamwahidi.

Ya Uingereza nitayasema kwa kifupi, ingawa yanatosha kitabu. Niliosha vyombo hotelini, nikabeba makaa ya mawe kwenye ngazi za majumba, nikasoma hesabu za upepo na ramani za nyota nikiwa nimejifunika lile blanketi mabegani. Hakuna aliyenibeba. Vijana wa Kiingereza waliokuwa wanalipiwa na baba zao walikuja chumbani kwangu kuniuliza maswali kabla ya mtihani. Nilipata diploma, na leseni nikaipata, vyote viwili kwa jina langu, na nilipoteremka melini bandarini Dar es Salaam nilikuwa nimevaa koti la fundi katikati ya joto la Januari, kusudi watu wauone mshono wake.

Diploma mama aliitundika ukutani, kati ya picha ya Moyo Mtakatifu na picha ya baba. Koti nililirudisha, sanduku nililirudisha. Fundi alilipokea koti, akalikagua vifungo, akasema, "Vizuri. Lakini bei bado. Hujapita."

Kazi zilikuwa mbili tu kwa mtu kama mie.

Kampuni ya kwanza ilikuwa ya abiria. Ndege zake zilikuwa nyeupe, safi, zenye mapazia madirishani, na zilifika Lindi, Mtwara na Songea. Meneja wake, Mwingereza mpole, aliisoma diploma yangu mara mbili akanipa chai. Ningekuwa rubani msaidizi. Akaniambia mshahara, akaniambia kwamba baada ya kutumikia kwa muda, mzazi wa mfanyakazi angesafiri bure. Kisha akasafisha koo.

"Kuna utaratibu mmoja," alisema. "Utapanda kabla ya abiria, na utashuka wakishaondoka wote. Mlango wa chumba cha marubani utafungwa. Si mimi, unaelewa. Wako abiria ambao wangeingiwa na hofu."

Kampuni ya pili ilikuwa ya mizigo. Ndege yake ilikuwa kuukuu, tumbo lake lilinuka tumbaku, ngozi na samaki wakavu, na sakafu ilikuwa na mikwaruzo ya kreti. Mwenyewe alikuwa mzee aliyewahi kurusha ndege za vita, mtu wa maneno machache. Hakunipa chai. Alinipeleka uwanjani nikarusha yeye akiwa ameketi pembeni, na tuliposhuka alisema, "Kiti cha kushoto ni chako." Kiti cha kushoto ndicho cha rubani mkuu. Nilimwuliza kama jamaa zangu wangeweza kusafiri.

"Kuku anaruhusiwa," alisema. "Mbuzi anaruhusiwa. Leseni ya ndege hii hairuhusu abiria. Nitaomba kibali, lakini usimwahidi mtu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwa njia ya Pugu, nikakata kuelekea Chang'ombe, nikiwaza. Mama alikuwa uani anakoroga unga wa vitumbua. Nilimweleza yote mawili bila kuficha neno. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukoroga.

"Hiyo ya mapazia," aliuliza, "wakiteremka watu, wewe unabaki ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Umejificha?"

"Nimefungiwa."

"Kwa hiyo na mie nikipanda, nitashuka kabla yako. Nitasimama pale Songea na dada yangu, tunangoja Wazungu wamalize kuondoka ndipo nimwonyeshe mwanangu."

Akaweka mwiko chini.

"Na hiyo ya magunia unaendesha wewe?"

"Mie ndiye mkuu, mama."

"Basi kaa mbele, baba. Mie nitangoja." Halafu akacheka, maana mama alikuwa mtu wa mzaha. "Wakikataa kabisa, waambie waniandike mbuzi."

Nikachukua ya mizigo. Wapo walioniambia baadaye, na mmoja aliniambia msibani, kwamba ningekuwa na moyo wa mwana kwa mama yake ningechukua ile ya mapazia. Hawakuisomea ile diploma wao. Mama yangu mwenyewe hakutaka nipite mlango wa nyuma, na jibu lake nililipata palepale uani, kabla vitumbua havijaiva.

Mtaani walinipokea kama kawaida yao.

"Shikamooni," nilisema siku ya kwanza kupita barazani na kofia yangu ya rubani.

"Marahaba, kapteni wa dagaa!" alijibu fundi. "Leo umebeba vigogo gani wa Serikali?"

"Magunia ya sukari."

"Wamekusalimu lakini? Wamefunga mikanda?"

Mwenye duka akaniuliza kwa upole lini nitapita. Nikamweleza kwamba ndege ikiruka lazima ifuate njia yake, na kuzunguka chini juu ya nyumba za watu kunaweza kumnyang'anya rubani leseni. Akatikisa kichwa tena kwa ile huruma yake.

Mama akafungasha vitu vya safari tangu mwezi ule. Alitia sandukuni khanga mbili mpya za kumpa dada yake, chumvi ya bahari, na kioo cha mkono. Kila niliporudi kutoka safari alikuwa anauliza, "Kibali?" nami nasema, "Bado, mama." Ningeweza kumlipia lori. Alikataa. Alikwisha kumtumia dada yake salamu kwa kila mtu aliyekwenda kusini kwamba atakuja kwa ndege ya mwanawe, na kule, walituambia wasafiri, yule mama mkubwa alikuwa anatoka nje kila asikiapo ngurumo ya injini.

Jioni moja, tumekaa uani, aliniambia habari ambayo hakuwahi kuniambia. Baba, naye mtu wa kusini, alipofariki, mvua zilikuwa zimekata njia zote za kusini, akazikwa Temeke. Mama hakuwa na raha na kaburi lile.

"Kwetu mtu akirudishwa kwao," alisema, "anayemsindikiza anazungumza naye njiani. Mkifika mto unamwambia, huu ni mto fulani, tunavuka, twende. Kila mto. Usipomwambia, yeye anabaki ng'ambo hii, nyie mnafika na mwili mtupu. Baba yako hakuvushwa hata mto mmoja."

"Wewe utavuka macho wazi, mama," nilimwambia. "Nitakuonyesha kutoka juu. Rufiji ikiwa imejaa utadhani bahari imelala."

"Ndiyo ninayoitaka hiyo," alisema.

Masika ilikuja kabla ya kibali. Mama alinyeshewa akiwa sokoni, akapata kichomi. Nilimkuta nimetoka Tabora, amelala chini ya lile blanketi jekundu, pumzi yake inakwaruza. Alinitambua. Hakuniuliza habari ya kibali, na hapo ndipo nilipojua. Alfajiri ya siku ya tatu akafariki, huku mvua inapiga bati.

Wazee wa kanisani walikuja kuniuliza kama kaburi lichimbwe karibu na la baba. Barabara ya kusini ilikuwa imefungwa kama mwaka ule wa baba. Nikasema hapana. Nikavaa sare yangu nikaenda kwa mwajiri wangu.

Alinisikiliza akiwa amesimama. Kisha akasema, bila kunitazama, "Maiti haihitaji kibali. Kisheria ni mzigo."

"Najua," nilisema.

"Kesho una tumbaku ya kuchukua Songea. Unakwenda mtupu."

"Najua, bwana."

"Nimtafute rubani mwingine?"

Nikamwambia hakuna rubani mwingine.

Asubuhi walikuja uwanjani na jeneza juu ya lori la mkaa, fundi, mwenye duka, kwaya, na nusu ya mtaa kwa miguu katika tope. Karani wa mizigo, kijana mstaarabu, alisimama mbele ya mizani, daftari lake amelishika kifuani. Kila kitu kinachoingia katika ndege lazima kipimwe. Nilikuwa nimepima magunia, mapipa na mbuzi pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nikamwambia apime. Fundi akanishika mkono.

"Mama wa watu haiwezekani apimwe kama gunia la kopra," alisema. "Sema na Wazungu wako."

"Mie ndiye mkuu wa ndege hii," nilimwambia. "Nisipojua uzito wake sitamfikisha."

Akaniachia. Jeneza likawekwa juu ya mizani. Karani akaandika, nami nikatia sahihi. Sitaandika hapa ilikuwa ratili ngapi. Zilikuwa chache.

Tulimfunga sakafuni kwa kamba, nyuma ya kiti changu kabisa, nikamfunika blanketi lake. Sanduku la zawadi nililiweka pembeni. Msaidizi wangu, Mgoa asiyependa maneno, aliondoa kofia yake akaishika magotini.

Tulipoacha ardhi nilipaswa kuelekea kusini moja kwa moja. Nikageuza kulia. Nikashuka chini ya mawingu mpaka nikaona mapaa ya Temeke, minazi inayoyumba, na kiwanja cha mpira ambako watu walioshindwa kufika uwanja wa ndege walikuwa wamekusanyika. Baraza la fundi lilikuwa tupu, cherehani imefunikwa turubai. Juu ya bati la duka kulikuwa na mtoto wa mwenye duka anayepunga kitambaa cheupe; baba yake na fundi walikuwa bado uwanja wa ndege nyuma yangu, vichwa juu, na wote watatu walituona. Nilizunguka mara moja polepole, bawa la kushoto limeinama, ili mama naye awe juu ya nyumba yake. Mgoa alitazama mbele kana kwamba hajui tuko wapi. Leseni yangu hakuna aliyeigusa.

Kisha nikashika njia. Rafiki zangu wa kampuni ile ya mapazia walikuwa na desturi ya kuwaambia abiria wao wako wapi, kwa Kiingereza laini, kupitia mlango ambao mie ningefungiwa. Mie wangu ulikuwa wazi. Maji mapana ya kahawia yalipotokea chini nikageuza kichwa, nikasema kwa sauti ishinde injini:

"Mama, hii ni Rufiji. Imejaa. Tunavuka, twende."

Baadaye kidogo: "Mama, huu ni Luwegu. Tunavuka." Na ile mito midogo ambayo ramani ya Waingereza haikuiandika jina, nilimwambia, "Mama, mto huu siujui, wewe unaujua. Tunavuka."

Mama mkubwa alikuwa amesimama kwenye nyasi za kiwanja cha Songea, ameshikiliwa na jamaa huku na huku. Simu ya maandishi ilitutangulia, walikwisha kumwambia. Hata hivyo alikuwa amevaa nguo za kumpokea mgeni. Nilimpigia magoti na sare yangu.

"Alikaa wapi?" aliniuliza.

"Nyuma yangu, mama."

"Ulimwambia mito?"

"Yote."

Akaingia ndani ya ndege kwa kusaidiwa, akaketi sakafuni penye mikwaruzo ya kreti, akaweka mkono juu ya lile blanketi. "Karibu, mdogo wangu," alisema. "Umechelewa."

Tulimzika mchana ule, na blanketi lake, kwa mvua nyembamba. Nilipoondoka pale sikuwa nadaiwa na mtu. Fundi alikwisha kupata bei ya koti lake, mwenye duka ya sanduku lake, na mama alikuwa amepanda. Mie niliyeambiwa nitafagia.

Tukapakia tumbaku, tukaruka kurudi. Kulikuwa kumetulia, mawingu yamepanda, na nuru ilikuwa nzuri kuliko siku nyingi za masika. Tulipofika Rufiji niligeuza kichwa, kinywa kimeshafunguka, nikaona magunia.