Hodi ya Mkwezi

Saa moja na robo asubuhi, mabati yakiwa bado na umande, ndipo mjomba wangu Shabani alipokuwa akianza kukwea minazi ya Ilala. Ninyi mliokulia huko enzi zetu mtakumbuka: kila nyumba ilikuwa na ua wake, na bafu la uani halikuwa na paa. Mkwezi akiwa juu aliziona nyua zote. Kwa hiyo mjomba hakugusa mnazi kabla ya kupaza sauti: "Hodi! Mkwezi nakwea!"

Kisha akangoja. Majibu yalikuja nyumba baada ya nyumba.

"Kwea, baba!"

"Ngoja, Shabani, nina povu kichwani!"

"Leo na mimi niangushie dafu, usinibanie!"

Sisi watoto tuliacha mchezo wetu wa rede tukasogea ukutani, maana alikuwa akituambia, "Nazi ikianguka haiulizi wewe mtoto wa nani." Aligonga shina kwa mgongo wa panga, akisikiliza kama limeoza, akavaa kitanzi cha kamba miguuni, akapanda. Kileleni alitazama kwanza kama kuna nyigu. Hakuangusha kitu mpaka aseme "Chini!" nasi tujibu "Pako wazi!" Nazi nyingi zilikwenda Kariakoo kwa mkokoteni. Za nyumbani mama alizikuna, tukagombania machicha yaliyotiwa sukari.

Siku moja jirani yetu alifiwa, na nazi zikahitajika kwa wali wa msibani. Mjomba akaona vibaya kupiga kelele karibu na wafiwa. "Leo nitakwea kimya," alimwambia mama. Bi Mwanahawa, bibi wa nyumba ya pili, alikuwa anaoga. Akainua macho.

"Shabani! Huna haya!"

Mjomba alifanya kile ambacho mwanamume yeyote wa mtaa ule angefanya kwa heshima: alifunika uso. Kwa mikono yote miwili.

Hakufa, lakini nyonga yake haikupona sawasawa, na hakukwea tena. Bi Mwanahawa alikuwa akimletea uji asubuhi. "Ningenyamaza tu, mwanangu," alisema. Mjomba akamjibu, "Ningepiga hodi tu, bibi." Walirudia maneno hayo kwa miaka, na hakuna kati yao aliyepata nafuu kwa kuyasema.

Leo mimi ndiye ninayekata matawi ya miti michache iliyobaki kati ya maghorofa. Nilijifunza mwenyewe: mkanda, kofia ngumu, kamba mbili, na siifungui moja kabla ya nyingine kushika. Hodi bado napiga. Madirisha yamefungwa, viyoyozi vinanguruma, hakuna anayejibu. Juzi kijana mwenye vidude masikioni alisimama chini ya tawi akijipiga picha. Nikamwita, "Mwanangu, sogea!" Akanionyesha dole gumba, "Poa, mzee," akabaki pale pale.

Ndiyo maana siku zote nina mtu wa chini, wa kuzuia wapita njia. Wateja hawataki kumlipia. "Huyu anayepiga kelele tu, wa nini?" Basi namlipa mimi. Lile jibu la hodi ambalo mtaa mzima ulimpa mjomba bure, mimi nalinunua, kila mti, kwa shilingi elfu kumi na tano.