Kitenge cha posa kimerudi, na binti yangu ataka nikivae

Ndugu mshika ukurasa, na ninyi mnaousoma, nawasalimu sana. Huku kwangu baba watoto hajambo, ni kifua tu na hii baridi. Mama mkwe wangu hajambo, anaota moto. Kijana wangu wa kiume hajambo, ila hali chakula. Binti yangu hajambo, ila hasemi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, naishi kijiji kimoja huku juu Ufipa. Kuandika nimejulia kwenye kisomo cha watu wazima, mnisamehe. Jina langu lifichwe.

Binti yangu ndiye muuzaji wa duka la kijiji. Sisi tulikuwa tunangoja chumvi na sabuni, lori la Sumbawanga likatuletea vitenge, vyote ua moja la njano. Kaka yake alikuwa anaposa, akanunua kimoja kwa bei yake kamili, mshenga akakipeleka kwa mama wa mchumba. Kikapokelewa kwa vigelegele.

Vingine vikakaa. Kamati ya duka ikamwambia binti yangu, "Visipotoka, tutamweka mwingine." Basi akaandika kwa chaki mlangoni: BEI IMEPUNGUA. Nikajua wanawake watasukumana. Hakuja mtu. Kisimani nikawasikia.

"Kitu kizuri kipunguzwe kwa nini? Kimeliwa na mende hicho."

"Ngojeni, kitashuka tena."

Jirani yangu, yule ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema, "Nivae misani kila mtu asome bei mgongoni kwangu? Bora viraka vyangu, bei yake hawaijui!" Wakacheka. Na mimi nilicheka.

Siku chache baadaye mshenga akarudi na kitenge chetu kimekunjwa. Hakuniangalia usoni. "Mama, wakwe wanasema binti yao si wa bei ya kupunguzwa."

"Lakini kilinunuliwa kabla!"

"Mimi najua. Chaki haisemi hivyo."

Akakiweka juu ya kigoda, akaenda zake. Kwetu kitu cha posa kikirudishwa, ukikikunjua umekubali kuwa ndoa hakuna. Kikikaa na mikunjo yake, maneno bado yapo. Basi kipo hapo kigodani. Tunafagia tunakizunguka.

Sasa binti yangu ananiambia, "Mama, kivae sikukuu ya parokia. Wakikuona wewe umependeza, watanunua. Kamati inakaa kesho yake."

Kaka yake akaruka. "Futa chaki yako kwanza! Mama, ukivaa hilo ua, mimi nateremka Kipili kuvua samaki, hamtaniona tena."

"Nikifuta, kamati nitaiambia nini?" dada mtu akamjibu. Tangu hapo hawasemezani.

Nilifikiri nichukue kingine dukani. Lakini ua ni lile lile, nani ataamini kwamba sikukunjua hiki? Nikivaa, namzika mwanangu wa kiume. Nisipovaa, wa kike anafukuzwa mbele ya kijiji kizima. Wote nimewabeba kwa mgongo huu mmoja. Sijalia. Napukuchua mahindi tu, mikono inakwenda yenyewe, na ugali naupika hauna ladha.

Ndugu zangu, nishaurini, nikikunjue au nikiache? Jibuni upesi, gazeti huku hufika na lori, lisije likapitwa na sikukuu. Mama mkwe wangu ni mzee, na kigoda tunacho hicho kimoja. Siku hizi anakaa chini.