Maji ya Kupoza Ungo

Ungo wa televisheni umesimama uani kwangu, lakini picha inaonekana kwa mke mwenzangu, Zulfa. Nyumba yake imezungukwa na minazi, na ungo hautaki kuzibwa; unataka mbingu tupu. Kwangu mbingu ni tupu mpaka ndani, maana makuti ya paa yameoza, na ukijilaza kitandani unaona mawingu yakipita.

Nyumba anayokaa Zulfa ni yangu. Matofali yake niliyabeba kichwani nikiwa na mimba ya Wahida. Vita vilipotutoa hapa Mocímboa, nilikimbia na watoto kwa miguu mpaka Quionga, nikawa nawalimia watu mihogo ili tule. Mume wangu, Rizuane, alishika njia nyingine, akavuka Ruvuma, akarudi kabla yetu na mke kijana kutoka upande wa Mtwara. Niliporudi nilimkuta Zulfa anafagia baraza yangu. Rizuane alinionyesha kibanda cha nyuma kilichokuwa jiko letu, akasema nijisitiri humo kwa muda. Muda huo haujaisha. Hakuniacha, wala hakunirudisha.

Baadaye akafungua banda la kuonyesha mpira mbele ya nyumba. Ungo alipata mkuukuu, mpana, umepinda ukingo, akausimika kwangu na waya ukapitishwa juu ya ua. Asubuhi picha ilikuwa safi. Jua likifika utosini, picha ilikatika vipande vipande, wachezaji wakaganda mguu mmoja juu.

Aliitwa fundi Sebastião, Mmakonde wa Mueda. Alikishika kile kichwa kidogo kinachoning'inia katikati ya ungo, kinachopokea mawimbi, akauondoa mkono upesi. Alitueleza kwamba mawimbi yanafika kutoka juu yakiwa dhaifu sana, na kichwa kikishapata joto huanza kupiga kelele zake chenyewe, kisiyasikie tena. Ungo mzima ungevumilia. Huu uliopinda hauna nguvu ya ziada. Kikifungwa kitambaa kilicholowa, alisema, kitatulia.

Rizuane alinijia kwa sauti ya zamani, ile ya kuombea kitu.

“Mama Wahida, wewe ndiye uliye karibu na kichwa kile. Kipoze mchana, nami nitakuezekea bati kabla ya mvua.”

Nilikubali. Mtu anayelala chini ya makuti mabovu hukubali mengi.

Basi kila mchana nikawa nateka maji kisimani, nageuza kinu, nasimama juu yake, nakizungushia kichwa kipande cha kapulana, kanga yangu kuukuu. Siku ya kwanza nilikilowesha mno. Mdomo wake unatazama chini, maji yakauchuruzikia, picha ikazimika kabisa na banda zima likazomea. Tangu hapo nikajua kukikamua kitambaa kwanza. Siku za mechi kubwa kilikauka upesi, nikarudia tena na tena, katika jua lile lile. Ungo ukapoa, mimi nikaiva.

Abdulcarimo, muuza samaki anayependa kukaa benchi la mwisho karibu na ua, alizoea kunitania.

“Shemeji, mgonjwa wako anaendeleaje? Homa imeshuka?”

“Ana bahati,” nilimjibu, “amepata wa kumuuguza.”

Watu wakacheka. Rizuane naye alicheka.

Zulfa hakuvuka ua hata mara moja. Sauti yake tu ndiyo iliyovuka, kunipa habari kwamba picha imekwama. Aliniita dada, na hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Mawingu yakaanza kujaa upande wa bahari, na bati likaja, moja, limefungwa juu ya pikipiki. Nilikuwa nimeshafagia chumba. Rizuane alipita mlangoni kwangu nalo, akalilaza chini ya ungo. Fundi, alisema, amemshauri akivike kichwa kofia ya bati, iinuliwe kwa vijiti ili hewa ipite chini yake. Kivuli kitatosha, maji hayatahitajika. Bati litakalobaki litafunika kuku wa Zulfa.

“Sasa utapumzika,” aliniambia.

Ndoo ilikuwa mkononi. Watu walikuwa wametoka sala ya adhuhuri, banda limejaa, mechi inaanza. Nilikifungua kitambaa, nikakikamua, nikakitupia begani, nikakaa juu ya kinu. Sikuwa na nguvu ya kugombana.

“Kofia mvike mgonjwa,” nilimwambia. “Kitakachobaki kitakaa juu ya kitanda changu. Kama hutaki, ng'oa ungo wako ukausimike kwa Zulfa, minazini.”

Tulikaa hivyo, yeye amesimama, mimi nimekaa, mpaka picha ikaganda na kule bandani wakaanza kunung'unika, kisha kupiga mbinja. Abdulcarimo alichungulia juu ya ua.

“Rizuane, mpe mwenzio bati tuone mpira.”

Hakusema kwa ajili yangu. Alisema kwa ajili ya mpira. Lakini Rizuane aliinamisha kichwa, akasema, “Haya.”

Nilimwambia kofia aikate pembeni mwa bati. Ama hakusikia, ama hakutaka kusikia. Aliweka mfuniko wa sufuria katikati ya bati, akauzungushia kisu akikigonga kwa jiwe. Kofia ikavikwa, picha ikatulia, na bandani wakashangilia. Mechi ilipokwisha akaja kunigongomelea bati langu, jipya, linang'aa, lina tundu la upana wa mfuniko.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Picha ilizimika, maana kwa mvua kofia haisaidii kitu, na wanaume wakaondoka bandani wakikimbia. Mimi nilikuwa nimesogeza kitanda ukutani na kuweka ndoo chini ya tundu. Kitanda kilibaki kikavu. Ndoo ilipojaa, mkono uliishika wenyewe ukaanza kuelekea kwenye kinu, kwa mazoea ya kupoza ungo. Nikaurudisha. Niliyaoga maji yale mimi, yote, kisha nikalala.