Vidonge Tisa vya Kaka

Saa moja asubuhi, profesa anafungua kopo la vidonge, na kabla ya lolote anaingiza pua. Ananusa. Anamsogezea fundi wa maabara, naye ananusa. Wakikubaliana kwamba hakuna harufu, ndipo kidonge cha kwanza kinawekwa juu ya kioo cha mashine.

"Mashine imetoka ng'ambo, na bado tunanusa kama mbuzi," fundi anasema.

Profesa hacheki. Zamani alikuwa mtu wa kucheka sana huyu.

Sasa mashine yenyewe, tuieleze hivi. Inakimulika kidonge kwa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Haikisagi, haikiloweki. Inaangalia ule mwanga unavyorudi, inalinganisha na kidonge kizuri ilichofundishwa, halafu inasema ndiyo au hapana. Dakika moja tu, wakati ile njia ya kale ya kusaga na kuchanganya inakula siku mbili. Mama huyu amefundisha utengenezaji wa dawa miaka thelathini na mmoja, na huu mwanga ndio utafiti wake. Wanafunzi wamempa jina, Mama Mwanga.

Lakini mashine ni kama mtoto mdogo. Inajua ulichoifundisha. Ukiifundisha kibaya, itakuambia kibaya ndicho kizuri, tena kwa uso mkavu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka juzi alikuwa anaifundisha kujua aspirini, vile vidonge wanavyopewa wagonjwa wa moyo ili damu isigande. Utaratibu wa kazi, kopo la mfano linapimwa kwanza kwa njia ya kale, ndipo limulikwe. Siku ile ripoti ilikuwa inangojwa. Akachukua kopo stoo ya hospitali, lebo safi, muda wake bado miaka miwili, akalimulika hivyo hivyo. Paa la stoo lilikuwa limevuja msimu mzima wa mvua, na yeye hakuuliza.

Basi, alikuwa na kaka yake mkubwa, seremala. Hata hiyo meza iliyobeba mashine, ni mkono wake. Moyo ulikuwa unamsumbua. Siku moja akaja na bahasha ya vidonge kutoka hospitali ile ile, akasema vinanuka siki. Dada mtu akavimulika. Mashine ikasema ndiyo.

"Nikamwambia, kaka, pua yako na mashine yangu, nani amesoma?" profesa anasimulia, macho yakiwa kwenye meza. "Akacheka. Akasema haya mdogo wangu, wewe ndiye msomi. Akavimeza wiki tatu."

Wiki ya nne wakamzika. Damu iliganda.

Daktari hakutaka kuapa kwamba ni dawa. Moyo ulishachoka, alisema, huenda angekwenda tu. Lakini profesa alitoka makaburini akaenda kulisaga lile kopo la mfano, na nguo za msiba mwilini. Karibu nusu ya dawa ilikuwa imeharibika kwa unyevu, na aspirini ikiharibika hivyo ndipo hunuka siki. Wahenga walisema mganga hajigangi, ila hawakusema na ndugu zake je.

Wenzake walimshauri anyamaze, mambo yatapoa. Yeye akaiandikia hospitali barua, makopo yakatolewa, na ripoti yake akaifuta mwenyewe. Kisha akaenda kwa wifi yake, mke wa marehemu, akamweleza yote, hakuficha hata moja. Wifi aliizungusha chai kikombeni mpaka ikapoa.

"Hukumuua, wifi," alimwambia mwishowe. "Ila alikuamini."

Neno hilo ndilo linalomwamsha mpaka leo.

Kwa hiyo ameanza upya. Vidonge mia tatu vya aspirini, kutoka makopo mapya. Kila kimoja kinanuswa, kinamulikwa, kisha kinasagwa kwa njia ya kale. Wamefika mia moja themanini na nane. Balbu ya mashine imeanza kufifia, na ya akiba iliyoagizwa haijafika. Miezi mitatu ijayo anastaafu, na chumba hiki wameshaambiwa kitakuwa cha kompyuta.

"Balbu ikizima kesho?" namuuliza.

"Tutasaga," fundi anajibu kwa niaba yake. "Mikono haina balbu."

Kwenye droo ya ile meza kuna chupa ndogo ya kioo, imezibwa kwa nta tangu siku ya maziko. Ndani mna vidonge tisa vilivyobaki kwenye bahasha ya kaka. Hajavigusa. Vitakuwa vya mwisho, baada ya ile mia tatu, siku mashine itakapokuwa imefundishwa sawasawa.

"Ile siku ilisema ndiyo," anasema, akisukuma droo taratibu mpaka ifunge. "Nataka niisikie ikisema hapana. Nikishaisikia, nitarudisha funguo, halafu niende nikamwambie wifi."

Anavuta kopo lingine. Ananusa.