Rudi Ulikotoka

Kosa hili nililifanya kwa uangalifu mkubwa, ndiyo maana linaniuma.

Miaka ya tisini nilifundisha kusoma na hesabu darasa la watu wazima pale Makanyagio. Sikusomea ualimu; nilijifunza mwenyewe vitabuni. Nikabuni kadi za maswali: mbele swali, nyuma maelezo, ili aliyekosa ajue la kufanya badala ya kuona mkasi wa kosa tu. Nilitaka arudi kwenye ukurasa alikotoka, asome tena. Nafasi ilikuwa ndogo, nikafupisha. Hata nikajisifu.

Wiki ile nilipozigawa, Mama Anjelina, mwanafunzi wangu mwenye bidii kuliko wote, hakuonekana. Nikapanda baiskeli hadi kwake. Nilimkuta anapepeta mchele, kadi yangu imechomekwa ukutani.

"Mama, mbona umetuacha?"

"Mwalimu, ni nyie mmeniacha. Mama yangu alitoka Burundi amenibeba mgongoni. Watoto wangu wanne wamezaliwa hapa hapa. Nirudi wapi?"

"Nani kakwambia urudi?"

Akachomoa kadi, akaisoma kwa sauti, taratibu, kama nilivyomfundisha: "Umekosa. Rudi ulikotoka."

Masikio yakaniwaka moto. Nikaanza kueleza habari ya ukurasa wa sita, nikijikanyaga kwa maneno. Akanitazama, kisha akacheka hadi ungo ukamponyoka.

"Kumbe ukurasa! Mimi nikasema, jamani, saba mara nane tu, mtu anafukuzwa nchi?"