Kaa wa Kitambaa na Chupa ya Uvunguni

Niliondoka nyumbani Mtoni kwa sababu ya Juma. Ujanani nilivua kwa baruti, na chupa moja ya baruti niliyoisahau pwani aliiokota yeye, mtoto wa jirani. Ikamlipukia, akapofuka macho yote mawili. Kwa hiyo Salma, binti anayetengeneza filamu za vikaragosi, aliponiomba nimtolee sauti kaa wake wa kitambaa, sikukataa. Filamu kama hizo hufundisha watoto wa nchi zilizotegwa mabomu ardhini wasiguse wasichokijua. Yetu ilihusu chupa za baruti za wavuvi, na tulikuwa tunaipeleka kijiji kimoja cha kusini ambacho jina lake nalihifadhi.

Asubuhi, Mji Mkongwe, Salma alinitazama kanzu na koti.

"Babu, umevaa kama unakwenda kuposa."

"Nnakwenda kwa watoto. Hao hutazama kuliko wakwe."

Tulipita Tunguu kwa mvua. Jozani tulisimama kuwapisha kima, na Salma akanisikilizisha maneno ya kaa niliyoyarekodi: "Usiguse. Rudi kwa nyayo zako. Mwambie mtu mzima." Niliyaona yanatosha.

Baada ya adhuhuri tuliingia skuli ya kijiji. Madirisha yalizibwa kwa kanga, watoto wakakaa mikekani, mama zao nyuma. Kaa alipoanza kusema, mtoto mmoja akanong'ona, "Kaa huyu ana kikohozi cha babu." Wakacheka. Chupa ilipolipuka filamuni, kicheko kikakatika.

Niliwaeleza habari za Juma bila kuficha kwamba chupa ilikuwa yangu. Kisha nikafanya kosa jingine.

"Nani kaiona chupa kama ile?"

Mize, msichana mdogo wa mbele, akanyoosha kidole. "Mimi. Iko nyumbani, uvunguni mwa kitanda cha baba."

Mama yake, Bi Kazija, alisimama akajifunika uso kwa ushungi. Sheha, mkuu wa kijiji, aliwaondoa watu wote wa nyumba ile na za jirani, akaita polisi, na wataalamu wao wakaitoa chupa salama. Watu walinishukuru. Bi Kazija alinijia mwisho.

"Nyumba imesalimika, babu, ahsante. Lakini mwanangu umemuuliza mbele ya kadamnasi. Baba yake akirudi kutoka pwani, wewe utakuwa wapi?"

Nilimwomba Salma asubiri, nikakaa barazani kwao Mize.

Jioni Haji, babake Mize, alifika pamoja na sheha, aliyekuwa keshamwambia kwamba anatakiwa kituoni.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Nani aliyenisema?"

"Mimi ndiye niliyeuliza. Mtoto kajibu tu. Hasira zako zote nipe mimi."

"Sheha keshanambia na wewe ulivua hivi hivi. Wewe nani alikusema?"

"Hakuna," nikamjibu. "Laiti angekuwapo. Juma angekuwa anaona."

Haji alikaa kwenye ngazi. Kisha akamwita Mize, aliyejibanza nyuma ya mama yake. "Njoo." Akampa kapu lake la samaki, akamwambia, "Mpe mama," akafuatana na sheha.

Tulirudi mjini. Kesho yake nilirekodi upya sauti ya kaa: "Mwambie mtu mzima, sikioni." Nimejifunza kwamba haitoshi kumfundisha mtoto aseme. Mtu mzima aliyeambiwa naye akubali kubaki barazani, mpaka mwenye nyumba arudi.