Msalaba Kando ya Jina la Yakobo

Usiniambie niliota, maana kalamu ilikuwa mkononi na jua lilikuwa bado halijazama. Haya yalinipata mwenyewe, huku kwetu Mpimbwe, likizo ya kidato cha pili, enzi zile watu walipokuwa wanahamia vijiji vya ujamaa.

Mchwa walikuwa wanakula kitabu cha ubatizo cha parokia, padre akanipa kazi ya kukinakili. Mapadre wa zamani walikuwa wanakata majina, wanaandika herufi za mwanzo tu. Aug. ni Augustino au Augusta? Katekista alinifundisha: tazama msimamizi wake wa ubatizo. Wa kike alisimamiwa na mwanamke, wa kiume na mwanamume. Na msalaba mdogo kando ya jina, akasema, ujue mtoto huyo alikufa.

Mimi nina haya, hata kumuuliza mtu saa siwezi. Kwa hiyo kazi ya kukaa peke yangu ofisini niliipenda, mpaka jioni alipoingia Yakobo.

Yakobo alikuwa mchumba wa dada yangu, Yustina. Ng'ombe wa mahari walishafika. Kilichobaki ni cheti chake cha ubatizo. Alidai alibatizwa hapa hapa akiwa mchanga, kabla kwao hawajahamia Majimoto. Hao kwao hakuna aliyewajua, lakini siku zile kijiji kizima kilijaa wageni, nani angemchunguza? Mimi nilimshuku.

Akasimama nyuma yangu. Nilikuwa nimekwama kwenye ukurasa wa misalaba mitupu, wachanga waliobebwa na surua kabla sijazaliwa. Sehemu ya wasimamizi ilishaliwa. Akaanza kunisomea bila hata kuinama.

"Leo. andika Leokadia, shemeji. Analia sana huyo. Aug. ni Augusta, anapenda kulala pembeni."

Nikamuuliza amewajuaje.

"Tumekua pamoja."

Mstari uliofuata ulikuwa Jac., Yakobo kwa Kilatini, baba Paulo, mama Mariamu, wazazi wale wale aliomtajia padre. Na msalaba.

"Huyo ni mimi," akasema taratibu. "Andika Yakobo. Hako kamsalaba usikaandike."

Wewe ungefanyaje? Labda padre wa zamani alikosea, nilijiambia. Halafu nikamfikiria Yustina amelala ubavuni kwake. Nikaandika Yakobo, nikachora na msalaba.

Hakufoka. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji.

"Haya, shemeji. Mwambie dada yako nilikuja kwa wema."

Akatoka, na hakuonekana tena. Ng'ombe hakuna aliyekuja kuwadai. Baba aliogopa kuwauza na aliogopa kuwachinja. Yustina hasemi na mimi mpaka leo. Aliwahi kuniambia neno moja tu, kwamba mikono ya yule mtu ilikuwa ya moto kama ya mtu yeyote, na mimi nimemzika mume wake akiwa hai.

Kwa hiyo wewe unayenakili vitabu vya zamani, jina lililokatwa liache hivyo hivyo. Na akija mtu kukusomea, muulize kwanza yeye ameandikwa wapi.